Santuri Hairudi Tupu

Ukitaka kujua santuri imeliwa na sindano kiasi gani, usiitazame usoni. Ilaze kwenye kiganja, iinamishe ielekee mlangoni kwenye mwanga, kisha uifuate michirizi yake kwa jicho, kama mtu anayekagua shuka asiyemwamini muuzaji wake. Haya nilifundishwa na bwana mmoja mwenye duka Mombasa, na alinifundisha bure, jambo lililonitia wasiwasi. Mimi nauza mashuka na mapazia ya mtumba pale Ukunda, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mtu akinipa kitu bure huwa nahesabu vidole vyangu. Nikimaliza navihesabu tena.

Sikuingia katika mambo ya santuri kwa mapenzi ya muziki. Niliingia kwa sababu ya sikio la shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na mpaka leo yuko Msambweni katika nyumba ileile. Sikio lake la kushoto lilifunga mwaka juzi. La kulia nalo linakwenda, na daktari alimwambia wazi kwamba halitarudi. Siku tuliyotoka hospitali hakulia. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, akaniambia:

"Mwanangu, kabla hili halijafunga, kuna kitu nataka nikisikie."

"Kitu gani, shangazi?"

"Kigelegele changu."

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua, ila nusu. Alipokuwa msichana, kikundi cha wanamuziki kilikuja kutafuta wasichana wa kupiga makofi na vigelegele kwenye nyimbo za harusi, nao wanne wa Msambweni wakapelekwa Mombasa, wakaingizwa chumba kimoja chenye joto kuliko tanuri la mikate. Shangazi alipewa kazi moja tu: mwimbaji akimaliza neno la mwisho la wimbo, apige kigelegele kirefu peke yake. Akapiga. Mpiga kinanda akasema ameuwahi wimbo, amemkata mwimbaji, amewaharibia. Lakini muda wao wa chumba ulikuwa umekwisha, hawakuweza kurudia, na santuri ikatoka hivyohivyo.

Nusu niliyokuwa siijui ni hii. Babu aliinunua santuri ile, ikakaa nyumbani miaka, na shangazi hakuisikiliza hata mara moja. Kila ilipowekwa alikwenda jikoni akatwanga, hata kama hapakuwa na cha kutwanga. Aliona haya. Kisha santuri ikaazimwa kwa harusi, na kwenye harusi hiyo ikapotea.

"Nataka nijue tu," akasema. "Niliwahi, au sikuwahi?"

Nilitafuta kwanza mtandaoni, kwenye simu, kama watu wote. Wimbo wa upande wa kwanza nikaupata. Wa upande wa pili, wenye kigelegele, haukuwapo. Jina la kikundi sitalitaja hapa; wenyewe wana watoto na wajukuu, na sitaki kuulizwa kwa nini namsema vibaya mpiga kinanda. Alama ya santuri aliikumbuka shangazi mwenyewe: ndogo, lebo ya kijani, na picha ya kikapu.

Basi nikavuka kivuko, nikaenda mjini.

Duka la kwanza lilikuwa na mlango wa kioo na baridi ya mashine ndani. Nilifurahi kuliona, maana sikujua kwamba santuri bado zinatengenezwa. Zilikuwa mpya kabisa, zimefungwa plastiki, nyingine nyekundu, nyingine inaonyesha mpaka upande wa pili kama chujio. Msichana muuzaji alikuwa na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii bei iliyoandikwa hapa ni ya ngapi? Kumi?"

"Ni ya moja, mama."

"Na gramafoni iko humo humo ndani?"

Akacheka. Nikamuuliza wanunuzi ni kina nani, akasema wengi ni vijana wenye ndevu kutoka Nairobi, na baadhi yao hata hawana gramafoni, wanazitundika. Hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Mtu ananunua sauti halafu anaitundika ukutani! Nikaigeuza ile ya kuonyesha.

"Ina nyimbo ngapi?"

"Kumi."

Nikahesabu nyuma ya jalada. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Msichana naye akahesabu, akanitazama kana kwamba nimemwibia wimbo mmoja.

"Wewe ndiye wa kwanza kuhesabu," akasema.

Duka la pili ndilo lililokuwa langu. Liko nyuma ya maduka ya misumari na mabomba, halina jina mlangoni, na ndani santuri za zamani zimepangwa kwenye makasha ya soda hadi darini. Mwenyewe ni bwana mwenye tumbo na miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani. Nilisalimia, nikaanza kupekua, nikilamba kidole kama ninayehesabu noti. Baada ya dakika chache akaniuliza kutoka kitini:

"Bibie, unatafuta santuri au unahesabu kura?"

"Natazama tu."

"Wanaotazama tu hawalambi kidole."

Ndipo aliponifundisha kuitazama kwa mwanga. Alinionyesha mkwaruzo wa sindano na mkwaruzo wa msumari, akasema wa sindano huenda na wimbo, wa msumari huukata. Alinionyesha santuri iliyopinda kwa jua mpaka imekuwa kama chapati iliyosahauliwa. Kila jambo niliuliza na kila jambo alijibu. Nilijiona nimeanza kupenda vitu hivi, nikajizuia, maana mnunuzi akipenda bei hupanda.

Kisha nikatoa santuri moja kwenye bahasha yake, na vikaanguka vipande vikavu vya kahawia, kama majani ya chai.

"Hayo!" bwana akasema. "Hayo ndiyo yanayoniua. Kila santuri ya kutoka kwenu kusini ina takataka hizo. Nimefagia maisha yangu yote, sijui ni nini."

Nilijua ni nini, kwa sababu shangazi alikwisha kunieleza. Zamani hizo gramafoni kijijini zilikuwa mbili au tatu, na santuri ziliazimwa kwa harusi kama viti na masufuria yanavyoazimwa. Na kama vile sahani ya chakula ya jirani hairudishwi tupu, santuri nayo haikurudishwa tupu. Aliyeazima alitia maua ya asumini ndani ya bahasha. Shangazi anasema babu alikuwa akilalamika kwamba sindano inateleza kwa utomvu wa maua, lakini bahasha isiyokuwa na maua alikuwa akiinusa na kunung'unika siku tatu.

Nikamweleza bwana. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akaokota kipande kimoja akakinusa.

"Hakinuki kitu."

"Kina umri kama wako."

"Basi kwa hakika hakinuki kitu," akasema. Nikamwuliza juu ya lebo ya kijani yenye kikapu. Akapiga kofi moja: zile ndogo za harusi za pwani aliziuza zote kwa pamoja, gunia zima, kwa jamaa mmoja wa Diani.

"Anazipiga?"

"Anazitoboa. Anatengeneza saa za ukutani."

Nilinunua sindano mpya ya gramafoni ya shangazi, tukavutana bei mpaka mimi na yeye tukaridhika kwamba mwenzake ameumia, nikarudi kusini upesi kuliko nilivyokwenda.

Jamaa wa saa nilimwona kesho yake. Ana kibanda kando ya barabara ya hoteli, na ni mtu wa bara. Wazazi wake walipewa shamba huku wakahamia, yeye akakulia hapa, lakini Kiswahili chake bado kinapanda mlima. Saa zilining'inia pande zote, santuri zenye mishale katikati, kila moja na wakati wake. Nilihesabu saa ishirini na sita, na hakuna mbili zilizokubaliana.

"Karibu, madam. Angalia, kuangalia ni bure."

"Hata kuangalia kwenyewe nilifundishwa bure," nikasema.

Makasha ya santuri zisizotobolewa yalikuwa matatu. Nilipekua polepole, uso wangu nimeukunja kama ninayenusa samaki wa jana. Kasha la tatu nilihesabu sitini na moja. Lebo ya kijani hakuna. Nikakaa pale nimechoka, na kwa mazoea tu, bila tamaa yoyote, nikahesabu mara ya pili. Sitini na mbili. Mbili zilikuwa zimegandamana. Nikazitenganisha kwa ukucha, na ya nyuma yake ikawa ya kijani, na kikapu, na jina la kikundi.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa ustadi.

Mtu wa soko letu hasifu anachokitaka. Anakitukana. Muuzaji anajua kwamba tusi ni salamu, naye anajibu kwa kukisifu, mnakutana katikati. Usipokubaliana naye unaondoka, naye anakuita kabla ya hatua ya saba. Hivyo ndivyo nilivyonunua kila nilicho nacho, na nadhani hata mume wangu. Nikaishika ile santuri na nyingine mbili ambazo sikuzitaka, za kuficha njia.

"Hizi ngapi?"

"Hizo? Mia tano, mia tano."

"Mia tano! Hebu njoo kwenye mwanga nikuonyeshe." Nikailaza ya kijani kwenye kiganja, nikaiinamisha kama nilivyofundishwa. "Waona hapa? Imekwisha. Michirizi imelika. Hii haitoi sauti tena, bwana, itatoa kikohozi. Lebo imepauka. Hizi mbili zina nafuu, lakini hii ya kijani ningekuwa mimi ningeitoboa leo. Nakupa mia moja."

Akaitazama kwa makini sana. Akanitazama mimi.

"Kumbe wewe unajua hizi vitu."

"Nazijua kidogo."

"Aki asante, madam. Watu huja hapa wananidanganya tu."

Sikulisikia neno hilo vizuri wakati ule. Nilisema nitarudi Alhamisi, nikaziweka chini, nikaondoka. Hatua ya saba, kimya. Ya kumi, kimya. Nikageuza shingo kidogo. Alikuwa amezishika zile santuri tatu, anazipanga upya, ya kijani kaiweka kando. Nikasema moyoni, ameelewa, ananiwekea.

Nyumbani nikamwambia shangazi kwamba nimeipata. Sikumwambia kwamba sijainunua. Papo hapo akaanza kuipangusa gramafoni, ile ya babu, ya sanduku lenye mpini wa kubebea, mbele na nyuma, mpaka skrubu.

Alhamisi nikaikuta ukutani.

Ilikuwa na namba nne za bati zilizogandishwa kwa gundi, kumi na mbili, tatu, sita na tisa, na mishale miwili myeupe. Ilikuwa inasema saa nne kasorobo, nayo ilikuwa saa tisa alasiri.

"Mmeifanya nini?" nikauliza, kana kwamba walikuwa wengi.

"Hiyo? Si ulisema imeisha? Mimi nikasema, huyu mama anajua, wacha nianze na hiyo. Hoteli moja ya Galu walikuja wakachagua kumi na mbili, moja kila chumba. Wakapiga picha. Kesho wanachukua."

Nikazihesabu zilizokuwa pamoja nayo. Kumi na mbili. Nikahesabu tena nikitamani, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba nimekosea. Kumi na mbili.

Nilimpa mia tano. Nilimpa elfu. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli; wenyewe walishachagua, na picha wanazo. Nilikuwa sina mbinu iliyobaki. Maneno yangu yote ya kununulia nilikuwa nimeyatumia kwenye kuiharibu. Nikavuta kigoda, nikamweleza habari za shangazi: sikio, chumba cha joto, mpiga kinanda, jikoni. Nilimweleza yote isipokuwa moja, kwamba niliposema imekwisha nilikuwa nasema uongo.

Akasikiliza akiwa na bisibisi mkononi.

"Sasa upande wa shosh uko wapi, mbele ama nyuma?" Shosh kwao ni bibi; ndivyo alivyomwita shangazi.

"Wa pili. Nyuma."

Akaishusha, akaigeuza. Namba aligandisha upande wa kwanza, kwa sababu upande huo kikapu kilikuwa hakijapauka. Wa nyuma ulikuwa mtupu na safi, isipokuwa tundu, ambalo sasa lilipitisha kidole changu kidogo na nafasi ikabaki. Akafungua mashine ya saa, akaitoa mishale, akanipa santuri katika bahasha ya karatasi.

"Enda nayo. Kesho asubuhi tu, tafadhali."

"Nikuachie nini? Kitambulisho?"

"Ya nini? Wewe ulinipa ushauri bure."

Nilitembea mpaka barabarani nikiwa nimebeba kitu kisicho changu, bila bei, bila rehani. Mzigo wa namna hiyo ni mzito kuliko robota la mashuka.

Shangazi alikuwa amekwisha kuvaa leso mpya. Nikamweleza kilichotokea, kwa sauti ya juu, upande wa kulia. Akaishika santuri, akapapasa zile namba za bati kwa chini.

"Ina miguu," akasema.

"Ni saa, shangazi."

"Saa hii! Ilichelewa miaka yote hiyo, leo ndiyo imekuwa saa."

Tulikunja leso ya zamani, tukaitandika kwenye sahani ya gramafoni ili namba zizame. Tundu lilikuwa kubwa mno kwa kijiti cha katikati, nikakizungushia uzi wa kushonea. Mizunguko arobaini; nikaifungua, nikahesabu upya, arobaini na minne ikakaa. Lakini jamaa alikuwa ametoboa pembeni kidogo, kwa hiyo santuri ilipozunguka ilikwenda upande mmoja na kurudi, kama mtu mwenye mguu mfupi. Nikaweka simu karibu, nikaiwasha irekodi. Nikashusha sindano.

Wimbo ulipanda na kushuka, mwimbaji kama anaimba amekaa kwenye bembea. Makofi yalisikika vizuri. Shangazi aliliinamisha sikio la kulia mpaka likagusa kitambaa cha spika. Sikumtazama usoni; nilitazama mkono wake ulioshika ukingo wa meza.

Kikaja. Kilitoka ghafla, juu, chembamba, kikavuka mwisho wa wimbo na kuendelea baada ya vyombo vyote kunyamaza, na hata ile bembea haikukiyumbisha sana. Ilikuwa sauti ya msichana asiyejua bado kwamba atasemwa.

Shangazi hakusogea. Nikadhani hakusikia.

"Tena," akasema.

Nikairudisha. Safari hii nilisikiliza kama ninavyohesabu. Mwimbaji alikuwa na neno la mwisho refu, analivuta, analivuta, na kigelegele kilimkuta katikati ya neno hilo. Hapakuwa na shaka.

"Tena."

Mara ya tatu alikaa sawasawa, akaweka mikono mapajani.

"Niliwahi," akasema.

Nikasema, "Kidogo tu, shangazi."

"Si kidogo. Nimemkata kabisa." Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nilipomtazama alikuwa anacheka mpaka machozi. "Lakini umemsikia yule mtu? Alikuwa anavuta mno! Angengojwa mpaka lini? Bibi harusi angezeeka!"

Tulikipiga mara tisa jioni ile. Nasema tisa kwa uhakika. Mara ya tano na kuendelea alikuwa anainua kidole kabla ya kigelegele, akimwonyesha yule mwimbaji mahali alipopaswa kunyamaza.

Nilipokuwa nairudisha santuri kwenye bahasha akanishika mkono.

"Hiyo ni ya watu?"

"Ya watu. Yarudi kesho."

"Basi hairudi tupu."

Akatoka uani mwenyewe, akachuma.

Asubuhi nikamkuta jamaa kibandani na ile mashine ya saa mezani, anangoja. Akainamisha bahasha, na kabla ya santuri yakamwagika maua meupe juu ya bisibisi zake.

"Haya ni ya nini?"

"Ni ya asante. Kwetu kitu cha kuazima hakirudi tupu."

Akachukua ua moja, akalinusa, akalitia mfuko wa shati. Kisha akashika santuri na kuiinamisha mlangoni kwenye mwanga, vilevile nilivyomwonyesha.

"Madam, niambie ukweli. Ilikuwa imeisha?"

Miaka kumi na tisa sijawahi kusifu bidhaa mbele ya mwenyewe.

"Haikuwa imekwisha," nikasema. "Ni nzuri sana. Nilisema vile ili uniuzie kwa bei ya chini."

Nilingoja anifukuze, na ningeondoka bila kuhesabu hatua.

"Na shosh alisikia?"

"Alisikia."

"Basi sawa." Akaanza kuyakusanya maua kwenye kiganja, moja moja, huku akihesabu kwa sauti. "Kumi na nne."

"Kumi na tano," nikasema. "Hesabu tena."

Akahesabu tena. Kumi na nne. Tukatafuta chini ya meza, ndani ya bahasha, kati ya saa, mpaka nikakumbuka lile alilotia mfukoni.